Vinu Vinane vya Injini ya Ndege

Ijumaa ile nilipeleka wali na samaki wa nazi kwenye banda la ndege, nje kidogo ya Mocímboa, nikakuta hamna mtu. Mestre Tomás, fundi mkuu, alikuwa amemfuata rubani Latifo msikitini kwa gari, asirudi kwa miguu juani. Samiha, mjukuu wangu, alikuwa ameitwa langoni na askari wanaolinda pista ya kurukia ndege, akaonyeshe kadi yake. Kila siku wanaikagua, na kila siku ni kadi ileile. Nikaketi kumngoja.

Injini ilikuwa imefumuliwa juu ya meza ndefu. Ni ya ndege ndogo inayochukua wagonjwa visiwani, mpaka Vamizi, na kuwafikisha hospitali, kwenye mji wetu wa Pemba huku bara. Juma zima Samiha alikuwa akinisimulia kazi yake. Vali anazipima unene, kisha anazitazama kwa kioo cha kukuzia kama zina ufa. Vyuma vyembamba vinavyozisukuma anavibiringisha juu ya kioo bapa aone kama vimepinda. Mimi nilisikiliza tu na kufurahi. Tangu tukimbie vita tukarudi, sina mwingine nyumbani ila yeye, na ndiye msichana wa kwanza kupewa kazi pale.

Kwenye trei palikuwa na vitu vinane vilivyojaa mafuta meusi. Kila kimoja kilikuwa kama kinu kidogo na mchi wake ndani, urefu wa kidole gumba, na kila kimoja kimekaa kwenye chumba chake. Pembeni kulikuwa na beseni la petroli na brashi. Mtoto yule alikuwa amesimama tangu alfajiri. Nami sikulelewa kukaa mbele ya vyombo vichafu vya mwenyeji mikono imelala mapajani. Nikakunja mikono ya gauni, nikachomoa michi yote, nikaiosha na vinu vyake, nikavifuta mpaka vikang'aa. Vinu nikavipanga upande wake, michi upande wake, kama tupangavyo vikombe na visahani baada ya shughuli.

Samiha akarudi anacheka. Kicheko kikakatika mlangoni.

"Bibi. Umefanya nini?"

"Nimekuoshea, mama."

"Huu mchi ulikuwa wa kinu kipi?"

"Kwani si vyote sawa?"

Akaketi sakafuni, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Akanieleza polepole, bila kunipandishia sauti. Kila mchi umechongwa kwa kinu chake peke yake. Ndani yake mna mafuta, na hayo mafuta ndiyo yanayoisukuma vali. Mchi ukilegea, mafuta yanavuja, vali haifunguki sawasawa, na injini inaishiwa nguvu ndege ikiwa juu.

"Vikichanganywa vinatupwa vyote, Bibi. Na mestre alinionya mara mbili, trei nisiiache peke yake."

Akainuka, akaanza kuvioanisha. Anatia mchi, anaubonyeza kwa kidole. Ukiruka, anauacha humo. Ukizama, anajaribu mwingine. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Mwishowe vyote vinane vikaruka.

"Basi. Usimwambie mtu."

"Ndivyo vilivyokuwa?"

"Sijui."

Gari likasimama nje. Mestre Tomás aliingia, akanisalimu, akavua koti lake akalitandika juu ya sanduku ili nguo yangu isishike grisi. Tukakaa kula.

"Samiha," akasema Latifo mdomo umejaa, "Jumatatu usisahau mfuko wa kutapikia."

"Jumatatu kuna nini?" nikauliza.

"Vovó hajui sheria yetu! Anayefunga injini ndiye anayepanda nayo mara ya kwanza, pamoja na mimi. Mtu akijua makalio yake yatakaa wapi, anakaza nati vizuri."

Wakacheka. Samiha naye akacheka, macho kwenye sahani.

Tonge nikalirudisha sahanini. Nikisema, wanamfukuza. Nisiposema, Jumatatu nitasimama kando ya pista nikisikiliza ile sauti ikienda baharini, ningoje kama itarudi. Nikamtazama. Akatikisa kichwa kidogo sana: usiseme.

Mestre alinawa, akavaa miwani, akaiendea trei. Akabonyeza kimoja, kikaruka. Akabonyeza cha pili.

"Safi. Umeosha vizuri, menina." Akafungua daftari la injini, akashika kalamu.

"Mestre," nikasema. Nikasimama. "Mestre, nimeviosha mimi. Nimevichanganya."

"Bibi!"

Kalamu ikabaki hewani. Mestre Tomás hakunitazama mimi, alimtazama yeye.

"Ulijua?"

"Hajui," nikadakia. "Alikuwa langoni. Hajui kitu." Mungu anisamehe, uongo ule ulinitoka mwepesi.

Samiha akanishika mkono.

"Nilijua, mestre. Nimevioanisha kwa kidole."

Latifo aliweka kijiko chini. Ndiye ambaye angeirusha ndege ile, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Kwa kidole," mestre akasema. "Hapa mezani vinaruka, vikiwa vikavu na baridi. Huko juu, vikipata moto?" Akaichukua trei, akaimimina yote kwenye debe la vyuma vibovu. "Nenda nyumbani."

"Mpaka lini?"

"Vipya vikija kutoka Afrika Kusini, nitafikiri."

"Na wagonjwa?"

"Wataletwa kwa boti," akajibu Latifo kwa sauti ya chini. Kisha akatufungulia mlango wa gari. "Panda, vovó. Jua kali."

Samiha alikataa gari. Alitangulia kwa miguu, nami nikamshukuru rubani, nikamfuata. Tulipofika kwenye mikorosho akasimama, mgongo bado umenielekea.

"Pengine vilikuwa sawasawa, Bibi."

"Pengine."

"Ungenyamaza ningebaki na kazi."

"Ungebaki nayo."

Akafuta uso kwa ncha ya kitambaa chake, akaanza kutembea tena. Nilimfuata nikitazama nyayo zake mchangani, mguu mmoja, kisha mwingine.