Sponji ya Udongo

Tangu mtambo wa biogesi ujengwe nyuma ya zizi lao pale Majimoto, mama mkwe wa Theopista, Bi Kabula, hakuonja ugali wa jiko la gesi. Gesi ya samadi ilinuka mayai viza. Bi Kabula akawa anakoka kuni zake uani na kujipikia.

"Sikatai mkono wako, mwanangu," alisema. "Nakataa hiyo harufu."

Lakini mama mkwe kujipikia na mkaza mwana yupo! Majirani waliona, na Theopista alikosa raha.

Obadia, fundi aliyejenga mtambo, aliwaambia kutu ya chuma hukamata ile harufu. Theopista na mumewe, Yotham, wakajaza kutu kwenye kopo, wakaliunga katikati ya bomba la gesi. Kutu ikagandamana, gesi ikashindwa kupenya, moto ukazima.

"Kutu inataka kitu cha kushikia, chenye matundu mengi," Obadia alisema alipopita tena. "Viwandani wana kitu kama sponji, ila kigumu."

Theopista alifinyanga vyungu tangu usichana. Wiki Yotham alipokwenda mnada wa mbali, alifumua godoro lao upande wa ukutani, akakata kipande cha sponji, akakichovya kwenye uji wa udongo wa mfinyanzi, akakikamua na kukianika. Alikichoma kwa pupa, kikasambaratika. Akakata kingine. Hiki alikichoma polepole kwa pumba za mpunga, sponji ikaungua yote, ukabaki udongo mtupu wenye matundu tele, mwepesi kama mkate. Akakilowesha kwenye tope la kutu, kikakauka, akakiweka ndani ya kopo.

Moto ukawaka wa buluu. Theopista alinusa, akanusa tena. Harufu ilibaki kidogo tu, ya kuitafuta.

Akasonga ugali, akampelekea mama mkwe. Bi Kabula alinusa tonge, akalimeza, akamega jingine.

"Niongeze mboga," alisema.

Jioni Yotham alirudi hoi, akajitupa kitandani, ubavu ukagonga chaga.

"Theopista! Panya wamekula godoro?"

"Si panya, Baba Kulwa. Liko jikoni, linapika."

Uani, Bi Kabula alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwache mkeo," alisema. "Kikichakaa hicho, akate langu. Mimi ngozi ya ng'ombe inanitosha."

"Asante, mayu, mama yangu," Theopista alijibu, akaenda kumwaga maji kwenye zile kuni za uani.