Namba Nilizoandika Upya Juu ya Pistoni

Neno lenyewe nililipata kwa fundi cherehani, siku niliyompelekea sketi aipunguze kiuno. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja ili aseme vizuri.

"Shoga, nasikia kule kwa mchonga silinda ukipeleka pistoni mpya unarudishiwa kuukuu. Wanazing'arisha, wanazitia kwenye boksi lako. Hujui kitu mpaka gari lianze kufuka moshi."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

Sikuuliza watu gani. Nilichukua sketi yangu nikaondoka, na lile neno likaondoka nami.

Binti yangu wa pili ni fundi wa magari. Miaka minne alikuwa anawashikia wenzake spana, na mwezi ule mkuu wa gereji alimpa injini ya kwanza aifungue na kuifunga peke yake. Ilikuwa ya pikapu ya dada mmoja anayesambaza maziwa. Ikitoka salama, anapewa meza yake na wateja wake. Ikimfia yule dada njiani, anarudi kushika spana za watu, na wale wanaume wanaomwita Daktari kwa kumcheka, eti kwa sababu anavaa glovu, watapata la kusema hadi wazeeke.

Na bloku ya injini hiyo, lile bonge la chuma lenye matundu ya pistoni, ilikuwa imechongwa kwa nani? Kwa yuleyule. Wanamwita Mzee Unywele, maana vipimo vyake vyote ni vya unywele, ingawa kichwani kwake hana hata mmoja. Wiki nzima nikawa namwonya binti yangu kwamba mzee huyo ni mwizi.

Ijumaa binti yangu alirudi na pistoni nne ndani ya boksi. Kufuli la stoo ya gereji lilikuwa bovu, akaona bora zilale nyumbani. Akaziweka chini ya kitanda chake. "Mama, hili boksi lisiguswe," akasema. Nikamjibu, "Nani atagusa vyuma vyako?"

Jumamosi alikwenda kuosha bloku, mimi nikabaki na boksi. Nilifagia ua. Nikafagia tena. Nikabandika chai, nikaisahau ikakauka. Kila nikipita mlangoni kwake nasikia, kuukuu, kuukuu. Mwisho nikasema niangalie tu, kuangalia si kugusa.

Nilizitoa nikazipanga mkekani. Kila moja ilikuwa na namba kichwani, kwa wino mwekundu wa maka peni. Moja, mbili, tatu, nne. Moja ilikuwa na doa jeusi ubavuni. Nikasema, kuukuu ndiyo hii. Nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikafuta. Doa likatoka, kumbe ni grisi tu, na chuma chini yake kinang'aa kama sufuria la dukani. Nikafurahi. Kwa ile furaha nikaifuta yote, na zile nyingine tatu nikazifuta, nikizigeuza huku na huku nitafute alama ya uzee. Hazikuwa nayo. Nilipotazama kitambaa kilikuwa chekundu.

Hapo ndipo ningesema. Ningekaa mlangoni nimsubiri nimwambie, mwanangu, nimekufutia namba. Angenikaripia dakika mbili, basi. Badala yake nilitafuta maka peni kwenye droo. Nimesoma mpaka la saba, kuandika moja mpaka nne hakunishindi. Nikazipanga nilivyodhani zilikuwa. Hata ile nne niliifunga juu, kama alivyoifunga yule mzee. Sijawahi kuandika vizuri hivyo tangu nitoke shule.

Jumatatu mchana alikuja kula amevimba kwa hasira.

"Yule mzee kaniharibia bloku, mama."

"Kivipi?"

"Kabla ya kuivalisha pistoni ringi zake, unaishusha tupu kwenye tundu lake. Inatakiwa iteremke yenyewe, taratibu. Ya pili inakwama njiani. Ya tatu inacheza kama jino bovu. Ikikaza hivyo, injini ikipata moto chuma kinavimba, inakamata na kufa. Ikilegea, inagonga na kunywa oili."

Nikasema, huku nikimwongezea mchuzi ambao hakuomba, "Labda pistoni zenyewe hazilingani?"

"Zilipimwa. Boksi linasema zote saizi moja, lakini zinapishana kidogo, ndiyo maana kila moja ilichongewa tundu lake. Si ndiyo sababu ya namba? Namba ninazo, nimezifuata. Aliyekosea ni yeye. Nimemwambia mkuu, na mkuu amesema hatapeleka tena kazi kwake."

"Sasa utafanyaje?"

"Nalipanua tundu la pili mwenyewe, kwa drili na mawe ya kusugulia. Nikirudi tu. La tatu nitaliona baadaye."

"Si ungemwita kwanza huyo mzee?"

"Mama, umeanza lini kumtetea? Wiki nzima umeniimbia kwamba ni mwizi."

Akanawa, akaondoka. Mimi nikaanza kuosha vyombo. Nikaosha sahani moja mara tatu. Nilijua kidogo, lakini hili nilijua, kwamba chuma ukishakisugua hukirudishi. Nikatoka mbio kwenda gereji, na kanga ya jikoni na povu mikononi.

Nilimsikia kabla sijamwona, ile drili ikilia ndani ya tundu. Mkuu wa gereji alikuwa amesimama pembeni, na Mzee Unywele naye alikuwa ameitwa na mkuu aje aone, amekaa juu ya rimu ya tairi na mkoba wake wa vipimo mapajani, akitazama chini.

"Zima," nikasema.

Binti yangu akageuka. "Mama, nipo kazini."

"Zima, mwanangu. Namba si za mzee. Niliziandika mimi."

Drili ikanyamaza. Nikaeleza yote mbele yao, mafuta ya taa, kitambaa, na ile nne. Binti yangu akaiweka drili chini. Mzee akainuka, akachukua pistoni ya pili, akaisogeza karibu na macho.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Ungekuwa mbaya ningeshtuka nilipoonyeshwa."

"Nisamehe, mzee wangu. Niliambiwa unabadilisha pistoni."

"Hilo nimelisikia. Nani kasema?"

"Watu."

"Haya. Basi waambie hao watu nina kipimo, waje wapime."

Alizipima zote upya. Ya pili na ya tatu nilikuwa nimezibadilishia namba. Lakini tundu la pili lilikuwa limeshasuguliwa, na hata pistoni yake halali ilikuwa imelegea humo. Mkuu akamtazama binti yangu. "Daktari, injini ni yako. Unafanya nini?"

Binti yangu akavua glovu. "Nampigia dada wa maziwa kwamba imechelewa, na kwa nini. Kisha natafuta pistoni nene kidogo kuliko hii."

Siku mbili walipekua droo za mzee, zilizojaa pistoni mpya zilizobaki mojamoja. Walipima kumi na moja. Ya kumi na mbili ililingana na tundu, na kwenye mizani uzito wake ukalingana na wenzake. Pikapu sasa inabeba maziwa, na meza binti yangu amepewa. Ila vyombo vyake haviletwi tena nyumbani, hata spana moja. Namwuliza habari za kazi, anajibu, "Nzuri, mama," basi. Kwa fundi cherehani nilirudi nikamwambia nilichokiona, mbele ya wateja wake watatu.

Wamama wenzangu mnaoishi na fundi nyumbani, epukeni haya:

Kufungua boksi la kazi uliloambiwa usiliguse.

Mafuta ya taa karibu na maandishi yoyote ya fundi. Sabuni pia.

Kuamini kwamba pistoni za boksi moja zinalingana. Kila moja ina tundu lake.

Kuandika upya kilichofutika. Kikifutika, kiache wazi, mwenye kipimo atapima.

Kusema "nasikia" juu ya kazi ya mtu ambaye hujafika kwake.

Kungoja mpaka drili iwashwe.