Viroboto wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa akimpima bibi harusi kiuno pale bibi harusi aliporuka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alikuwa ameumwa na kiroboto. Wifi yake fundi akaangua kicheko, na fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alasiri hiyohiyo mawifi wakaenda duka la dawa za mifugo. Fundi, aliyefuga mbwa na paka, alitaka kichupa kimoja cha dawa ya mbwa, amgawie na paka ili kubana matumizi.

"Usithubutu, dada," mganga wa mifugo akamwambia. "Dawa ya mbwa inaweza kumuua paka. Kila mmoja na yake, kwa uzito wake. Fua matandiko yao kwa maji ya moto, fagia hadi uvunguni, maana mayai ya viroboto yamejaa huko."

"Bei je?"

"Chukua hizi za bei nafuu. Ongeza chanuo hiki chenye meno membamba, na maji ya sabuni unayo."

Nyumbani wifi alimkumbatia mbwa, fundi akachana. Kila kiroboto alipozama kwenye bakuli la povu, wifi alitangaza kama mtangazaji wa mpira: "Arobaini na moja, na mpira umetoka nje!" Paka alipochomoka na povu masharubuni, walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Wakawa wanachana kila jioni. Wiki ya tatu hawakupata hata mmoja. Fundi alishukuru, lakini wifi alinuna siku nzima, akidai ligi imevunjwa bila yeye kushauriwa.