Vyungu vya Dada

Jumanne asubuhi mfinyanzi alifungua tanuri lake nyuma ya nyumba, akatoa vyungu kumi na viwili vikiwa bado na uvuguvugu, akaanza kuvigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Hivyo ndivyo wafinyanzi wanavyotafuta ufa: chungu kizima hulia kama kengele, kibovu hukohoa. Cha kwanza hakikulia wala kukohoa. Kilisoma ukurasa mzima kwa sauti ya dada yake mkubwa, aliyezikwa miezi mitatu nyuma, kisha kikanyamaza.

Mfinyanzi akakiweka upande wa vizima.

Alijua sababu. Dada yake alikuwa akiandika hadithi kwenye madaftari ya shule na kuyaficha chini ya gunia la mkaa. Baada ya mazishi mumewe aliyachoma pamoja na magodoro. Mfinyanzi alizoa majivu yale kwa ndoo, akayachekecha, akayachanganya kwenye rojo la kung'arishia vyungu. Hakuwa na kitu kingine cha kumkumbukia, na uchungu ulikuwa umemjaa.

Majirani walikuja kusikiliza. Walivipanga vyungu kwa mfuatano wa hadithi, wakabishana.

"Hiki kimerukia mbali," alisema fundi cherehani. "Mwanamke alikuwa jikoni, mara keshavunjika mkono. Hebu gonga kile cha shingo ndefu."

Cha shingo ndefu kilieleza ngazi, na kiganja cha mume mgongoni. Fundi cherehani akavua miwani. Marehemu alianguka kwenye ngazi hizo mara mbili: ya kwanza akavunjika mkono, ya pili akafa. Msibani watu walikula, wakasema ni utelezi.

Mfinyanzi alikizungushia chungu kile shuka, akakipeleka polisi. Askari alisikiliza hadi mwisho, akaomba arudiwe pale alipopitwa.

"Anasoma vizuri," alisema. "Lakini maelezo yanataka saini, mama. Nani atatia?"

Mume wa marehemu naye alipita, keshaoa tena. Alisikiliza viwili akiwa amesimama.

"Shemeji, hizi ni hadithi tu. Dada yako unamjua kwa kutia chumvi. Wazee walishakaa, yakaisha." Akaenda zake, na njiani watu walimwitikia salamu kama kawaida.

Kikabaki kimoja ambacho hakijagongwa, kidogo, cha mdomo mpana. Mfinyanzi alikikwepa wiki nzima, akijitia kuwa na kazi nyingi. Dada yake alipovunjika mkono alimjia na begi, akaomba pa kulala. Ni yeye, mdogo mtu, aliyemwambia avumilie, arudi kwake, akamsindikiza mpaka kituo cha basi. Sasa alitaka atukanwe. Alitaka kusikia jina lake likitajwa vibaya, yaishe. Akapiga moyo konde, akagonga.

"Mdogo wangu alinipikia chai," kilisoma chungu. "Akanibebea begi, maana mkono ulikuwa unauma. Basi lilipoondoka alinipungia mpaka tukakata kona. Sina mwingine anayenipenda hivyo."

Mfinyanzi alikaa chini kwenye vumbi la udongo, akalia mpaka pua ikaziba. Kisha akakigonga tena, kwa nguvu, huenda kuna sentensi iliyobaki chini. Chungu kikaanza upya, kwenye chai.