Gari Mupya ya Kwenda Wamaza

Kaka yangu mukubwa, Yaya Pacifique, aliingia Kasongo kutoka mujini na gari mupya, nailoni ingali kwenye viti, na kabla hata ya kunisalimia akaanza kunifundisha. "Magloire, ungali na pikipiki? Kule mujini watu wananunua magari kila siku! Pikipiki inaisha." Eti inaisha! Hapa zamani avenue nzima ilikuwa na pikipiki moja. Leo karibu kila lupango, kila nyumba na kiwanja chake, iko na yake, na madukani sokoni wanafungua karton za pikipiki mupya kila juma. Lakini bishana na tajiri, utaweza?

Kilichoniuma ni Mama. Mudogo wake, mama Célestine, alikuwa mugonjwa kule Wamaza, na Mama alitaka kumuona angali anaongea. Kila asubuhi nilimwambia, "Panda, nikupeleke." Yeye: "Mimi na ile kitu? Hapana!" Kubeba watu na pikipiki ndiyo kazi yangu; nabeba mama za watu wote, isipokuwa wangu. Niliona haya, kusema kweli. Gari ilipofika tu, akavaa kitenge cha sikukuu, akaketi mbele.

Nikawafuata na pikipiki, nimenuna, nimebeba bidoni ya mafuta ya Yaya.

Njia ilikuwa nzuri mupaka kwenye kilalo, daraja la mto. Yaya akafunga breki. Kilalo kilikuwa kimevunjika na mvua, na siku ya salongo, ile kazi ya pamoja, watu walitoka wote kukitengeneza: mbao mbili katikati, upana wa pikipiki, basi. Nani angefikiria gari?

"Nani alifanya huu upuuzi?" Yaya akafoka.

"Wenye pikipiki," nikamujibu, meno yote nje.

Halafu nikamuona Mama. Alikuwa analia. "Célestine ataenda bila kuniona."

Kicheko kikaniishia. Sikumwambia apande, nilikuwa nimechoka kukataliwa. Nikashusha bidoni, nikapangusa kiti kwa shati yangu.

Mama akaangalia gari, akaangalia maji, akakaza kitenge. "Pacifique, baki ulinde gari yako."

Akapanda nyuma yangu, akanikamata tumbo mupaka nikakosa pumzi. Kwenye mbao alifumba macho. Hata ng'ambo niliendesha polepole sana, mupaka baiskeli zilitupita.

Wamaza tulimukuta mama Célestine ameketi mulangoni, amekonda, lakini anaongea.

"Dada! Nilisikia iko gari mupya kwenu. Umekuja nayo?"

"Aa," Mama akasema, mukono ungali kwenye shati yangu. "Nimekuja na Magloire."