Aliyeinuka wa Kwanza

Krismasi ya kwanza ya ukimbizini waliila Ufaransa, wamesimama kwenye matope, kila mmoja na kopo lake mkononi. Ya pili waliila Uingereza, na hakuna aliyependa kuikumbuka. Hii ya tatu, Radim Doležal aliapa kwamba mlo wa mkesha utaliwa mezani, kama unavyoliwa kwao Moravia, katika nchi ya Wacheki, au yeye hali.

"Usipokula tutagawana fungu lako, dogo," alisema Bedřich, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bure. "Njaa yako, shibe yetu."

Hata hivyo wote walisaidia. Zamu yao ya kukaa tayari kuruka ilikuwa mpaka jua litue, na jioni kibanda kingechukuliwa na marubani wa usiku, kwa hiyo meza ilibidi itandikwe saa nane mchana, humo humo kwenye kibanda cha marubani kando ya uwanja wa ndege. Nyumbani mlo hauanzi mpaka nyota ya kwanza ionekane. Radim alikata nyota kwenye bati la kopo la maziwa, akaining'iniza dirishani. Samaki wa bwawani hawakupatikana, wakatafuta wa baharini. Viazi vilichanganywa na matango ya siki na mayai manne, ambayo Winifred aliwaonya wasiulize yametoka wapi.

Winifred alikuwa dereva wao, msichana wa Kiingereza aliyewapeleka kwenye ndege zao kila siku na kuwarudisha waliorudi. Siku hiyo alikuwa Mama. Desturi ilitaka hivyo. Usiku wa mkesha, mtu akishaketi mezani haruhusiwi kuinuka mpaka wote wamalize kula. Anayeinuka wa kwanza hatauona mkesha mwingine. Mama wa nyumba peke yake ndiye aliyesamehewa, maana bila yeye nani atapakua?

"Mama!" aliita Bedřich kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Wanao wanakufa njaa!"

"Wanangu wana ndevu kumshinda baba yangu," alijibu Winifred, akimpiga kwa kitambaa cha vyombo. "Ondoa viwiko mezani."

Aliyeketi mwisho alikuwa kiongozi wao, Alois Havránek. Kabla ya vita alifundisha hesabu katika shule ya mji mdogo wa milimani, na mpaka leo walimwita Mwalimu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, kwa hiyo miongoni mwao alikuwa mzee. Hakuamini mambo ya nyota wala ya viti, ila alimpenda Radim jinsi mtu anavyompenda mwanafunzi mvivu mwenye moyo mzuri, na alikuwa na swali moja.

"Tukiitwa je?" aliuliza. "Rubani wa zamu kuketi kwenye kiti asichoruhusiwa kuinuka! Ni sisi tu duniani tunaoweza kubuni jambo kama hili."

Radim alikuwa amelifikiria. "Simu ikilia, Mama anapokea. Ikiwa ni amri ya kuruka, wewe Mwalimu unahesabu. Moja, mbili, tatu. Kwenye tatu tunainuka sote sita. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho."

"Na Mwalimu akikosea kuhesabu?" aliuliza Bedřich.

"Msicheke," alisema Radim, macho yake sahanini. "Baba aliinuka kumfungulia mbwa mlango. Mara moja tu, akarudi akaketi. Pasaka tukamzika."

Hawakucheka tena. Ctibor, mtu wa maneno kumi kwa wiki, alimsogezea Radim kipande kikubwa cha samaki.

Walikuwa wamefika katikati ya samaki huyo simu ilipolia ukutani, karibu na mlango. Winifred aliichukua, akasikiliza, akageuka.

"Ndege ya adui, moja, inatoka baharini! Nyote!"

"Moja," alisema Alois, "mbili—"

Kiti kilianguka. Radim alikuwa amesimama, leso bado shingoni. Miguu yake ilikuwa imefunzwa miaka miwili kuikimbilia simu ile, na haikungoja hesabu ya mtu. Alijitazama alivyosimama, kama aliyekuta damu kwenye shati lake asijue imetoka wapi.

"Tatu," alisema Alois, na wengine wakainuka.

Walikimbia kwenye majani yaliyolowa. Radim alikuwa ubavuni pa Alois. "Mwalimu, nimeinuka wa kwanza."

"Upuuzi! Kimbia!" alimfokea Alois.

Hewani mawingu yalikuwa mazito na ya chini. Walimwona adui mara moja tu, kivuli kirefu juu ya maji ya kijivu, kisha akajificha. Radim alikuwa karibu naye kuliko wote, akamfuata winguni. Alois alimwita arudi. Akamwita tena. Ndipo sauti ya Radim ikaja masikioni mwake, taratibu, sauti ya mtu aliyekuwa akilitazamia jambo na limefika: "Nimepigwa. Injini inatema mafuta. Nilikwambia, Mwalimu."

Baada ya hapo redio ilikoroma tu. Walizunguka juu ya pwani mpaka mafuta yakakaribia kwisha, wakarudi watano.

Kibandani chakula kilikuwa pale pale. Winifred alimtazama kila aliyeingia, akahesabu kwa midomo, akachukua funguo za gari. "Nitapita barabara ya majabalini," alisema. "Huenda mtu ameona parachuti." Akaondoka bila koti.

Alois alikiokota kiti kilichoanguka, akakisimamisha mahali pake. Kisha akaketi kwenye chake. "Ketini," alisema. "Mlo haujaisha."

Waliketi. Hakuna aliyegusa uma. Alois aliitazama sahani ya Radim na kipande kile kikubwa alichopewa na Ctibor, na kichwani mwake neno moja lilikuwa likimzunguka kama nzi. Upuuzi. Kijana alimwendea na hofu yake ikiwa bado mbichi, naye akamtupia neno lile. Angeweza kusema lolote. Angeweza kumwambia tu, niko nawe. Alijua hesabu za kutosha kujua kwamba kiti hakiui mtu. Ila alijua pia kwamba rubani anayejihesabu amekufa hukata tamaa pale ambapo mwenzake angepigana.

Bwana Hadley, ofisa Mwingereza wa kikosi, aliingia na karatasi. Alikuwa mtu mwema, na alivua kofia.

"Nahitaji sahihi yako, Havránek. Kwamba hajulikani alipo. Na mtu aje tufungashe vitu vyake."

"Tuko mezani, afande."

"Naona mko mezani. Ni sahihi moja tu, kwenye daftari la ofisini, mlango wa pili."

"Leo mtu haondoki mezani mpaka wote wamalize," alisema Alois. "Na mwenzetu hajamaliza."

Hadley aliitazama sahani, akavitazama vile vichwa vitano vilivyoinama. Alikunja karatasi yake mara mbili. "Basi nitakuja baadaye," alisema, akafunga mlango polepole mno kwa mwanajeshi.

Dirishani mwanga ulianza kupungua. Mdogo wa ndugu wawili wa ukoo wa Vondra alianza kusali, akaacha katikati. Ndipo simu ikalia.

Watano wote walishtuka, na watano wote wakajizuia, mikono imeng'ang'ania ubao wa meza. Mama hakuwepo. Simu ililia mara ya pili. Bedřich, ambaye hakuna alichokuwa hajakifanyia mzaha, alikuwa amepauka.

"Nani anainuka?" alinong'ona.

"Hakuna," alisema Alois. "Vuteni meza."

Wakaivuta. Marubani watano, wenye nishani vifuani, walijiburuza na viti vyao na meza yao sakafuni, makalio yakiruka kama vyura, viazi vikimwagika, sahani zikigongana. "Kushoto! Kushoto, wewe ng'ombe, kuna jiko!" alipiga kelele Bedřich. "Nyanyua upande wako, unaivuta kama bibi arusi!" Simu ililia mara ya saba, ya nane. Alois alinyoosha mkono, hakuufikia mkono wa simu, akaruka na kiti mara moja zaidi, akaushika.

"Mwalimu?" ilisema sauti ya Kicheki, ndogo, ya mbali.

Alois aliitikia kwa kichwa, na wenzake wakamwona akiitikia, na Vondra mdogo akaufunika uso wake.

"Mwalimu, ni mimi. Nimeangukia shamba la kabichi. Mwenye shamba alidhani mimi Mjerumani, akaniwekea uma wa nyasi shingoni. Mkewe ndiye aliyemzuia. Nimevunjika kifundo cha mguu, basi."

"Basi?" alisema Alois. "Basi, mshukuru Mungu!"

"Lakini mwaka ndio kwanza unaanza," alisema Radim. "Si lazima iwe leo. Baba alikaa mpaka Pasaka. Nitarukaje, Mwalimu, mwaka mzima, kila siku nikingoja iwe ndiyo hiyo?" Na akalia, bila kujificha, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Alois alifumba macho. Lile neno lilimjia tena mdomoni, akalimeza.

"Nisikilize, Radim. Wewe hukuwa wa kwanza. Uma wangu ulianguka, nikainuka kuuokota kabla simu haijalia. Wewe ulikuwa unatazama sahani yako. Ni mimi."

Alipokwisha kusema, aliona mkesha ujao na meza nyingine, na kiti kitupu. Mwalimu wa hesabu, asiyeamini! Lakini maneno yalikuwa yametoka, na hakutaka kuyarudisha hata moja.

Bedřich alikuwa akimtazama. Alijua, wote walijua, kwamba hakuna uma ulioanguka. Alimnyang'anya simu.

"Usimsikilize mzee huyu, dogo! Anajitafutia sifa tu. Mimi tangu mwanzo makalio yangu hayakuwa kitini, nilikuwa nainama kumwibia Ctibor samaki. Ni mimi, na sitaki mtu aninyang'anye."

Ctibor alinyoosha mkono mrefu. "Ni mimi. Achana nao," alisema kwenye simu, akairudisha, huku ameyatumia maneno yake ya siku tatu.

"Mkubwa ni mimi, mimi ndiye niliyeinuka!" alisema Vondra mkubwa.

"Ulikuwa umekaa kama gunia, nilikuona! Niliinuka mimi!" alisema mdogo wake, na wakaanza kugombana kwelikweli, mmoja amemshika mwenzake kola, kila mmoja akidai kifo kiwe chake, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuondoka kitini.

Simu ilimrudia Alois. Aliisikia sauti ya Radim ikivuta kamasi, kisha ikitoa kitu kilichoanza kama kilio na kuishia kwingine.

"Waongo wakubwa ninyi," alisema Radim. "Waongo, waongo." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha, kwa sauti iliyotulia: "Mama wa hapa ameniwekea nyama na viazi. Ananionyesha kwa vidole kwamba nisithubutu kuinuka na mguu huu."

"Basi kaa, mwanangu," alisema Alois. "Kula polepole. Hapa hakuna anayekwenda popote."