Magome Mapana

Gunia la kwanza lilipofunguka, Pua alibaki na kisu mkononi, hajui akiweke wapi. Jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa lilishasahaulika zamani. Karakana nzima ilimwita Pua, kwa sababu aliweza kunusa mtungi wa mafuta ya nazi uliofungwa na kukwambia umekaa siku ngapi. Asubuhi hii pua haikuwa na kazi, macho yalitosha. Magome yaliyokuwa ndani ya gunia yalijikunja duara, ncha ikigusa ncha, kama mikono ya shati iliyokatwa.

Mtu asiyeijua kazi hii angeona magome mazuri, makubwa, ya kupendeza. Pua aliona miti iliyokufa. Gome likibanduliwa upande mmoja tu wa shina, linatoka kipande chembamba kisichozidi kiganja, na mti unaziba jeraha lake taratibu. Likibanduliwa kuzunguka shina zima, mti hauna tena njia ya kupeleka chakula mizizini. Majani yatakaa ya kijani miezi kadhaa, yamdanganye mpita njia, halafu mti utakauka ukiwa umesimama. Ndiyo maana shirika la viwango lililowapa nembo ya kulinda misitu lilikuwa na sharti ambalo halikuwa na mchezo: magome yafike mazima, yapimwe moja moja kwenye kipimo cha mbao kilichotundikwa ukutani, yaandikwe daftarini, ndipo yasagwe. Yakishakuwa unga, hata Pua mwenyewe asingeweza kujua yametokaje mtini.

Alifungua gunia la pili. Yale yale. La tatu alikosa moyo wa kuligusa.

Dada yake mkubwa aliingia na faili kwapani. Huyu ndiye mwenye karakana, na watu walimwita Bosi. Zamani jina hilo lilikuwa la kumtania, alipokuwa akichemsha sabuni kwenye sufuria moja ya nyumbani. Siku hizi hakuna aliyecheka akilitamka. Alitazama gunia, akamtazama mdogo wake, kisha akarudi kufunga mlango. Ukutani saa ilionyesha saa mbili na nusu. Mkaguzi alitarajiwa saa nne.

"Saga," Bosi alisema.

Pua alimkumbusha kwamba hayajapimwa. Bosi akajibu kwamba yataandikwa kama yalivyoandikwa ya miezi yote iliyopita, vipande vyembamba, upana wa kiganja, na mambo yataisha. Hakupaza sauti. Alieleza kama mtu anayemweleza mgonjwa dozi. Duka kubwa la ng'ambo lilichukua makopo mawili ya marhamu ya magome katika kila matatu wanayotengeneza, na duka hilo lilichokuwa likinunua hasa ni ile nembo. Marhamu bila nembo wasingeipokea hata kwa zawadi. Nyuma ya ukuta ule walikuwapo wanawake wanne wakijaza makopo, na kila mmoja ana watoto wanaomtazama yeye tu. Makopo mia sita yalikuwa yameshabandikwa lebo, yanasubiri gari.

"Mjomba amezeeka jamani," Bosi aliongeza, akilipiga gunia teke dogo. "Miaka thelathini analeta magome, leo ndiyo anatuletea maiti."

Hapo ndipo Pua alipopaswa kusema. Kwa sababu mjomba hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Wiki tatu nyuma, oda zilipoongezeka, Pua alikuwa akisugua magome kwa brashi toka asubuhi mpaka jioni, maana kila kipande lazima kitolewe ukungu na vumbi kabla ya kusagwa, na vipande vyembamba ni vingi visivyokwisha. Viganja vilimvimba, vifundo vya mikono vikamuuma mpaka akashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Akampigia mjomba simu. Alimwambia hivi vyembamba vinammaliza, amtafutie mapana. Hakusema zaidi ya hapo. Mjomba alinyamaza kidogo, akauliza, mapana kabisa? Naye akajibu ndiyo mjomba, mapana.

Aliwasha mashine. Ilinguruma, meza ikatetemeka, vumbi la kahawia likapanda mpaka kwenye taa. Alikuwa akivunja yale magome yenye umbo la bomba kwa goti na kuyasukuma mdomoni mwa mashine, na kila lilipokatika alijiambia kwamba analinda kazi za watu wanne. Lilikuwa jambo la kweli, ndiyo maana lilimsaidia kwa muda. Alimaliza nusu ya gunia la kwanza. Kisha mlango ukafunguliwa, na mkaguzi akasimama pale akiwa na mkoba begani, dakika arobaini kabla ya saa yake.

Alikuwa mwanamke mwenye adabu nyingi, na adabu hiyo ilitisha kuliko ukali. Aliomba radhi kwa kuwahi. Aliwasalimia wote, akauliza habari za afya, akavaa kofia ya karatasi bila kuambiwa. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye mashine na kuweka kiganja juu ya chuma.

"Ina moto," alisema.

Bosi alisema walikuwa wanaijaribu, juzi ilikwama. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akamtazama Pua, hasa nyusi zake, zilizokuwa zimejaa unga wa kahawia kama za mtu aliyelala ghalani. Aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake.

Kisha akaomba kuona gunia ambalo halijafunguliwa. Lilikuwa moja tu, lile la tatu. Alikata kamba mwenyewe, akatoa gome la juu, akalipeleka kwenye kipimo cha ukutani. Halikuingia. Akalizungusha, akaingiza mkono wake ndani yake mpaka kiwikoni, akautoa. Wanawake wa chumba cha pili walisikika wakibishana kuhusu gundi.

"Mkusanyaji wenu nilishamwita tangu jana, aje saa nne," alisema. "Nadhani tumsubiri."

Mjomba alifika saa nne kamili, koti limefungwa mpaka juu, kofia mkononi. Ndiye aliyewalea Pua na dada yake baada ya mama yao kufariki, na hata sasa, akiwa na mvi mpaka masikioni, aliwaangalia kama watoto waliotoka kuoga. Pua alimwamkia, shikamoo mjomba. Mjomba aliitikia marahaba mama, akaona lile gome mezani, akaelewa yaliyotokea kabla hajaambiwa.

Mkaguzi alimpa kiti. Alimweleza taratibu kwa lugha nyepesi, huku wote wakisikia. Ikiwa kosa ni la mkusanyaji, jina lake linafutwa na haruhusiwi tena kuingia msituni kukata, lakini karakana inapewa onyo tu na inabaki na nembo. Ikiwa kosa limetoka karakanani kwa kutojua, wanapewa onyo kali na watu wao wanapelekwa mafunzo. Ikiwa limetoka karakanani na walijua, nembo inaondoka siku hiyo hiyo.

Bosi alijikaza kisabuni, kama walivyozoea kutaniana humo karakanani, lakini uso wake ulimsaliti. Matumaini yalikuwa yamerudi, na alikuwa akiyaonea aibu. Hakumtazama mjomba. Mjomba naye hakuhitaji kutazamwa.

"Ni mimi," alisema. "Uzee. Mkono ulizunguka tu, nikaja kushtuka nimemaliza."

"Miti mingapi, mzee?"

"Kumi na mmoja."

Alijibu papo hapo. Mtu ambaye mkono wake umezunguka kwa bahati mbaya hahesabu, na mkaguzi alilijua hilo, maana kalamu yake ilisita juu ya karatasi. Lakini alikuwa ameshapewa jibu, na jibu lilitosha kuandikwa. Angeandika jina moja, mambo yangeishia hapo. Mzee angerudi nyumbani kukaa kibarazani, yeye ambaye tangu ujana hakuwahi kupitisha wiki bila kuingia msituni, anayejua mti upi ulibanduliwa mwaka upi na upande upi. Na asingelalamika kamwe. Hilo ndilo lililomchoma Pua moyoni, kwamba asingelalamika.

"Hakukosea," Pua alisema. "Mimi ndiye niliyemwagiza mapana."

Bosi aligeuka kama aliyepigwa kofi. Mjomba akaanza kusema kwamba binti huyu ana huruma ya kupita kiasi toka utotoni, wasimsikilize. Pua akaendelea kabla ujasiri haujamkimbia. Alieleza mikono, brashi, simu, siku yenyewe. Alisema na unga ulio kwenye ndoo ameusaga yeye bila kupima. Hakusema ni nani aliyemwambia asage, na mkaguzi, kwa adabu yake ile ile, hakuuliza. Bosi alitazama sakafu.

"Ni kweli, mzee?" mkaguzi alimgeukia mjomba.

Mjomba alizungusha kofia mapajani kwa muda. Akakubali kwamba simu ilipigwa. Alisema alishangaa, lakini hawa ndio wanaosoma makaratasi, yeye hasomi. Akadhani sheria imebadilika, huenda wameruhusiwa. Kisha akainua kichwa na kusema kwa haraka kwamba mtoto mwenyewe hakujua. Anakaa na sufuria, msitu ameuona mara mbili maishani, angejuaje gome pana linatokaje mtini?

"Hakujua," Bosi alidakia. "Mdogo wangu anajua mafuta. Mambo ya miti hayajui. Hakujua kabisa."

Mkaguzi alifungua ukurasa mpya. Kuna namna watu wema wanavyokupa nafasi bila kusema wanakupa, na Pua aliiona. Neno moja lilitosha, tena halikuwa hata lake; lilishasemwa na watu wawili wanaompenda, yeye alikuwa na kazi ya kuitikia tu. Onyo kali, mafunzo ya siku tatu, makopo yapande gari. Mjomba msituni, wanawake wanne mezani, Bosi na nembo yake. Kila mtu angelala salama. Nyuma ya ukuta mtu alicheka, wale walikuwa wameshapatana juu ya gundi.

"Ulijua?" mkaguzi aliuliza.

Alikumbuka ule ukimya mdogo kwenye simu. Mjomba alipouliza mapana kabisa, alikuwa akimpa nafasi ya kurudi nyuma, na yeye alikuwa na mikono inayouma na oda ya makopo mia tisa, na aliona vizuri kabisa akilini mwake shina lililovuliwa pande zote. Aliliona, kisha akasema ndiyo mjomba.

"Nilijua," alisema.

Mkaguzi akaandika. Ilichukua kama robo saa kumaliza karatasi zote. Bosi alitia sahihi panapohitajika, mara nne, bila kusoma. Makopo mia sita hayatatoka na lebo ile. Mjomba alipewa onyo, na akaambiwa aonyeshe mahali ilipo ile miti kumi na mmoja. Mkaguzi alivua kofia ya karatasi, akaikunja vizuri, akaaga kila mmoja, hata Pua.

Mlango ulipofungwa, Bosi alibaki amesimama ameshika faili kwa mikono miwili. Pua alitamani apigiwe kelele, atukanwe, angalau apate cha kujibu.

"Kawaambie wale wanne," Bosi alisema mwishowe. "Wewe. Mimi siwezi." Akatoka kwa mlango wa nyuma, na kupitia dirishani wakamwona amesimama uani, amewapa mgongo.

Mjomba hakuwa ameondoka kitini. Pua alichukua kitambaa akaanza kufuta unga mezani, na mikono ilimuuma, akaendelea kufuta.

"Kwa nini, mama?" mjomba aliuliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka, na ameumia. "Mimi nimeshamaliza safari yangu. Wangenifuta, basi. Dada yako angebaki na kazi yake, nyinyi wote mngebaki. Kwa nini hukuniachia hilo tu?"

Pua alifikiri amjibu kuhusu ukweli, au kuhusu sheria, au miti. Yote yalikuwa maneno ya kwenye makaratasi.

"Leo ningenyamaza," alisema. "Halafu oda zingeongezeka, mikono ingeuma, na ningekupigia tena."

Mjomba alilitazama lile gome mezani, akatazama kofia yake.

"Na mimi ningekuletea," alisema.